Calle Mayor (1956): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya Uchumba wa Uongo

Filamu hii ya mwongozaji Juan Antonio Bardem ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoitazama leo, lakini kila anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza mambo yaleyale. Mbona Juan, mhusika mkuu wa kiume, hakusema ukweli mapema? Mbona Isabel, mwanamke anayedanganywa, hakuondoka? Nani hasa ndiye mkosaji? Nimeyajibu hapa kwa kadiri ninavyoielewa filamu yenyewe na nchi iliyoizaa. Swali linalofichua mwisho limewekewa tahadhari, ili asiyeiona bado aliruke.

Calle Mayor inahusu nini?

Ni filamu ya Uhispania, ya picha nyeusi na nyeupe, yenye urefu wa saa moja na nusu na dakika chache. Calle Mayor ni mtaa mkuu wa mji mdogo, ule ambao jioni watu huvaa vizuri wakautembea kwenda na kurudi, waonekane na wawaone wenzao. Katika mji huo kuna kundi la wanaume ambao kazi ikiisha hawana jingine la kufanya isipokuwa kunywa, kupiga soga na kutafuta mtu wa kumfanyia mzaha. Siku moja wanaamua kumchezea shere Isabel, mwanamke wa miaka 35 ambaye hajaolewa. Mmoja wao, Juan, mfanyakazi wa benki, atajifanya anampenda. Atamtongoza, atamchumbia, na wakati uchumba unatangazwa mbele ya watu kwenye dansi ya klabu, mambo yafichuliwe na mji mzima ucheke.

Isabel anaamini. Juan, aliyedhani ni mchezo wa siku chache, anajikuta hawezi kusonga mbele wala kurudi nyuma.

Hadithi ndiyo hiyo. Hakuna mauaji, hakuna mtoto wa siri, hakuna ugomvi wa mirathi. Aliyezoea telenovela atasubiri tukio kubwa litokee, lakini halitokei. Badala yake anamwona mwanamke akizidi kung'aa kwa furaha siku hadi siku, huku sisi tunaomtazama tukijua kinachomngoja.

Mbona inaanza kama kichekesho?

Kwa makusudi kabisa. Mwanzoni gari la maiti linafika nyumbani kwa Don Tomás, mzee msomi wa mji ule, likimletea jeneza lake mwenyewe ilhali yu mzima. Walioliagiza ni wale wanaume, na wanacheka hadi wanashika mbavu. Mtazamaji naye huenda akatabasamu, maana mzaha wa jeneza umetengenezwa kwa ustadi.

Bardem anataka tabasamu hilo. Anatuweka upande wa wachekaji kwa dakika chache, kisha anatuletea mzaha wa pili wenye sura ya mwanamke ndani yake, na kicheko kinakatika chenyewe. Wahenga wetu walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na sijui kazi ya sinema inayoonyesha hatua kwa hatua jinsi usaha huo unavyojikusanya kama hii.

Miaka 35 kwani ni uzee?

Kwetu leo si uzee, na hata wakati ule mwili wa Isabel haukuwa na kasoro yoyote. Lakini filamu ilipigwa katika Uhispania ya Jenerali Francisco Franco, aliyetawala tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1939 hadi alipofariki mwaka 1975. Utawala ule, ukiungwa mkono na Kanisa, ulikuwa umempangia mwanamke njia mbili za heshima: ndoa au utawa. Mwaka 1938, vita vikiwa bado vinaendelea, mkataba wa kazi wa serikali ya Franco ulitangaza kwamba utamkomboa mwanamke aliyeolewa kutoka karakana na kiwandani, yaani arudi nyumbani. Jumuiya ya wanawake ya chama tawala, iliyoongozwa na Pilar Primo de Rivera, iliwafunza wasichana kupika, kushona na kutii. Sheria ya nchi ilimzuia binti ambaye hajaolewa na hajafika miaka 25 asiondoke nyumbani kwa wazazi bila idhini, labda awe anaolewa au anaingia utawani. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1972. Na aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria hadi mwaka 1975.

Sasa mweke Isabel humo. Ni binti wa afisa wa jeshi aliyefariki, anaishi na mama yake mjane na mtumishi mzee wa nyumba. Hana kazi, kwa kuwa mwanamke wa tabaka lake hakutarajiwa kuwa nayo. Marafiki zake wa shule wameolewa na wana watoto. Siku zake ni kanisani, kutembea mtaani, na kukaa dirishani. Kila anayepita anamjua, na kila anayemjua amekwisha mhukumu. Ndiyo maana wale wanaume wanamchagua yeye. Wanajua hana pa kushtaki na kwamba akiaibishwa, mji utasema alijitakia.

Isabel hakuona dalili? Mbona anaamini haraka hivyo?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na wanawake, na ninalielewa. Lakini tazama vizuri jinsi Betsy Blair anavyoigiza siku za mwanzo. Isabel haamini haraka. Anajilinda. Anajua anavyotazamwa, na hata anaweza kujizungumzia bila kujihurumia, kama mtu aliyekwisha kubali hesabu yake. Juan anapoanza kumfuata, macho yake yanauliza kabla ya mdomo.

Kinachomshinda ni mahali na namna anavyotamkiwa. Juan anamwambia kwamba anampenda wakati maandamano ya kanisa yanapita, katikati ya umati, mishumaa na nyimbo za dini. Kwa mwanamke wa malezi yake, mtu atadanganyaje mbele ya vitu vitakatifu? Bardem alikuwa anajua anachofanya alipouweka uongo ule pale. Kila kitu ambacho Isabel alifundishwa kukiheshimu kinatumika kama shahidi wa uongo: kanisa, desturi ya uchumba, neno la mwanamume wa heshima. Si ujinga wake unaomponza. Ameponzwa na kuyaamini yale aliyoambiwa na jamii yake ayaamini.

Kuna tukio jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu. Wachumba wanaingia katika jengo ambalo bado linajengwa. Hakuna milango, hakuna sakafu ya maana, ni kuta na matundu tu. Isabel anatembea ndani yake akipanga: hapa jiko, hapa chumba, hapa tutaketi. Anazungumza haraka, anacheka, anashika kuta. Juan amesimama pembeni, hana pa kuuweka uso wake. Mtazamaji anajikuta anataka kumzuia mwanamke huyu asiseme neno jingine, kwa sababu kila neno linamwongezea deni la maumivu atakayokuja kulipa. Hakuna muziki wa kulazimisha machozi pale. Ni furaha yake tu, na ukubwa wa furaha hiyo ndio unaotisha.

Je, Juan ni mtu mbaya?

Ningependa kusema ndiyo, lakini filamu hainiruhusu.

Juan si mkatili kwa asili. Mwanzoni hata hapendi sana wazo lenyewe. Anakubali kwa sababu kundi limeamua, na yeye ni mgeni mjini ambaye bila kundi hana mtu. Baadaye, anapomzoea Isabel na kuuona moyo wake, anaona aibu ya kweli. Anataka kumwambia. Anajaribu, anameza mate, na anaondoka akiwa ameongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Kila siku anayochelewa, ukweli unazidi kuwa mzito, na kadiri unavyozidi kuwa mzito ndivyo anavyochelewa zaidi.

Jina la ugonjwa wake ni woga. Anawaogopa rafiki zake watamwonaje akiuvunja mzaha. Anayaogopa macho ya Isabel siku atakapojua. Anaogopa kumuoa na anaogopa kumwacha. José Suárez, aliyekuwa mwigizaji mwenye sura ya kupendeza, anaitumia sura hiyo vizuri sana: ni uso mzuri usio na nguvu nyuma yake. Nadhani hapa ndipo Bardem anapowauma watazamaji wa kiume. Ni rahisi kujitenga na mhalifu. Ni vigumu kujitenga na mtu aliyenyamaza tu wakati alipopaswa kusema.

Wapo wanaomtetea wakisema alimpenda Isabel mwishoni. Sioni ushahidi wa hilo katika filamu. Alimhurumia, na huruma isiyothubutu kusema kweli ilimgharimu Isabel zaidi kuliko dharau ya wale wengine.

Kwa nini wale rafiki wanafanya haya? Hawana dhamiri?

Hawajioni kama waovu, na hilo ndilo la kutisha. Ni watu wenye kazi na familia, wanaoamkiwa kwa heshima mtaani. Wanaowaigiza, akiwemo Luis Peña, Alfonso Godá, Manuel Alexandre na José Calvo, wamewapa uchangamfu wa kweli. Ukiwakuta mezani ungeketi nao.

Wanachougua ni kuchoka na maisha. Katika mji wao hakuna siasa ya kujadili kwa uwazi, magazeti yanasema yaliyoruhusiwa, na kila kesho ni kama jana. Nguvu za watu wazima zisizo na pa kwenda zinageuka kuwa michezo ya kuumiza wanyonge. Tazama wanavyochagua waathirika: mzee msomi anayeishi kwa vitabu vyake, na mwanamke asiye na mume. Hawamchezei meya. Hawamchezei mkuu wa polisi.

Bardem alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kimepigwa marufuku, na hakuweza kusema waziwazi kwamba anaielezea nchi yake. Lakini mji ambao kila mtu anaujua uongo na hakuna anayeusema, kwa kuwa kusema kutaharibu starehe ya mezani, ni picha ya kisiasa kwa yeyote aliyeishi chini ya utawala wa aina hiyo. Mtazamaji wa Madrid mwaka 1957 hakuhitaji kuelezwa.

Federico ni nani, na mbona anazungumza kama mhubiri?

Ni rafiki wa Juan anayetoka Madrid, mwandishi kijana aliyekuja kumtafuta Don Tomás. Ameigizwa na Mfaransa Yves Massard. Yeye ndiye pekee anayesema kwamba kinachofanyika ni unyama na kwamba Juan lazima amwambie Isabel.

Ni kweli anahubiri kidogo. Huo ndio udhaifu mmoja wa filamu ninaouona kila ninapoirudia: Federico anatamka mambo ambayo picha zimekwisha kuyasema vizuri zaidi. Lakini ana kazi yake. Anasimama mkabala na Don Tomás, mzee anayeona kila kitu na amechagua kukaa kimya na vitabu vyake. Kati ya hao wawili pana swali lililowasumbua wasomi wa Uhispania miaka ile, la mtu anayejua afanye nini katika nchi isiyotaka kuambiwa.

Na yule Tonia?

Tonia, aliyeigizwa na Dora Doll, anafanya kazi katika danguro ambalo wanaume wa kundi wanalitembelea. Anampenda Juan kwelikweli. Kwa hiyo Juan ana wanawake wawili wanaompenda, mmoja kwa sababu ya uongo wake na mwingine licha ya kumjua alivyo, na wote wawili anawaangusha. Mwenye danguro ni Lila Kedrova, ambaye miaka michache baadaye alipata Oscar kwa filamu ya Zorba the Greek ya 1964.

TAHADHARI, MWISHO UNAFICHULIWA: Kwa nini Isabel hapandi treni?

Siku ya dansi inafika. Isabel anakwenda kwenye ukumbi ambao bado ni mtupu, fundi akiwa anakaza nyuzi za piano, na ni hapo anapoambiwa. Hata hapo si Juan anayemwambia. Ni Federico. Sauti za piano zinazojaribiwa moja moja zinaendelea wakati maisha yake yanavunjika, na sijui mwongozaji gani mwingine angethubutu kuliacha tukio kama hilo bila kilio.

Federico anamsihi aondoke, apande treni kwenda Madrid, aanze upya. Isabel anafika hadi stesheni. Halafu anarudi. Anautembea mtaa mkuu chini ya mvua, wale wanaume wakimtazama kupitia kioo cha klabu yao, na filamu inamwacha nyumbani kwake, nyuma ya dirisha.

Wengi wanakasirika. Wanataka apande treni. Mimi nimefikia kuamini kwamba Bardem alikuwa sahihi, kwa sababu mbili. Kwanza, treni ile ni wazo la Federico, mwanamume kijana mwenye kazi, marafiki na chumba mjini Madrid. Isabel angeshuka Madrid akiwa nani? Bila fedha, bila taaluma, na akiwa amemwacha mama mzee nyuma. Filamu inakataa kujifanya kwamba tiketi inatosha. Pili, kuna namna ya kurudi kwake. Anajua kwamba mtaa mzima unajua, au utajua kabla ya usiku. Hapiti uchochoroni. Anapita mbele yao. Wapo wanaouona mwendo huo kama kushindwa. Mimi naona ndani yake heshima ambayo hakuna mwanamume hata mmoja katika filamu hii aliyewahi kuifikia, ingawa sithubutu kuiita ushindi, kwa kuwa anachorudi kwacho ni kilekile kilichomfanya adanganyike.

Mji huo upo kweli?

Haupo kwa jina. Umeunganishwa kutokana na miji kadhaa ya mikoani, hasa Cuenca, Logroño na Palencia. Picha zilipigwa na Michel Kelber, Mfaransa aliyekuwa amefanya kazi na mwongozaji Jean Renoir, na anaupiga mji kwa namna ambayo kila mahali kuna mtu anayeona: madirisha, roshani, meza za nje, nguzo za mtaa. Ukiirudia filamu mara ya pili, acha kuwafuata wahusika wakuu kwa muda na uangalie wanaopita nyuma yao.

Ile sauti ya mwanzoni inayosema hadithi ingeweza kutokea popote ni ya nini?

Ni mkono wa wakaguzi. Serikali ya Franco ilikuwa na bodi iliyosoma mswada kabla ya kupigwa picha na kuikagua filamu ilipokamilika. Hawakupenda mtazamaji, hasa wa nje, afikiri kwamba ukatili huu ni wa Uhispania. Kwa hiyo yaliongezwa maneno ya utangulizi ya kueleza kwamba mji huu ni wowote, katika nchi yoyote. Maneno hayo yakifuatiwa na kengele za makanisa, makasisi mtaani na sare za jeshi, hakuna aliyedanganyika.

Ni kweli mwongozaji alikamatwa wakati wa kupiga filamu?

Ni kweli. Februari 1956 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Madrid waliandamana, kukatokea mapambano mitaani, na serikali ikatangaza hali ya hatari. Watu wengi waliojulikana kwa mawazo ya upinzani walikamatwa. Bardem alikuwa Palencia na kikosi chake, katikati ya kazi, polisi walipomchukua.

Watayarishaji walikuwa na hasara mlangoni, na likatokea wazo la kuikamilisha filamu na mwongozaji mwingine. Betsy Blair alikataa. Alisema hafanyi kazi na mtu mwingine zaidi ya Bardem. Kwa kuwa filamu ilikuwa ya ushirikiano wa Uhispania na Ufaransa, na nyota wake alikuwa Mmarekani aliyejulikana, habari zilivuka mipaka upesi, na sauti za kumtetea zikapazwa kutoka nje. Bardem aliachiwa, akarudi na kuimaliza kazi yake.

Ninapomtazama Isabel akisimama peke yake katika mji uliomgeuka, huwa nakumbuka kwamba mwanamke anayemwigiza alisimama hivyo katika nchi ya ugenini, dhidi ya serikali ambayo ingeweza kumfukuza kesho yake.

Ilikuwaje Mmarekani akaigiza mwanamke wa Uhispania?

Mwaka 1955 Betsy Blair alikuwa ametoka kuigiza katika Marty, filamu ya Marekani iliyoshinda zawadi kuu ya tamasha la Cannes. Humo alikuwa Clara, mwalimu mpole ambaye wanaume wanampita ukumbini bila kumwona. Bardem alikuwa Cannes mwaka huohuo na filamu yake Muerte de un ciclista, iliyotuzwa na wahakiki wa kimataifa. Hakuhitaji kutafuta mbali.

Kwa upande wake, Betsy Blair, wakati huo mke wa mwigizaji na mcheza dansi Gene Kelly, alikuwa amefungiwa milango mingi ya Hollywood kwa sababu ya mawazo yake ya mrengo wa kushoto. Hata baada ya kuteuliwa kuwania Oscar kwa Marty, kazi hazikumiminika. Ulaya ilimpa nafasi ambayo nyumbani alinyimwa. Baada ya Calle Mayor alifanya kazi na mwongozaji Michelangelo Antonioni nchini Italia, akaishi London hadi alipofariki mwaka 2009.

Kihispania hakukizungumza, hivyo sauti tunayoisikia ni ya mwigizaji mwingine. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana filamu za Uhispania za enzi hizo zilitiwa sauti studioni baada ya kupigwa. Ukianza kuona midomo haiendani na maneno, vumilia dakika kumi. Macho yake yatakusahaulisha.

Hadithi aliibuni Bardem mwenyewe?

Alianzia kwenye tamthilia ya Carlos Arniches, La señorita de Trévelez, iliyooneshwa mara ya kwanza Madrid mwaka 1916. Ndani yake wanachama wa klabu ya wacheshi wanamtumia mwanamke wa umri mkubwa ambaye hajaolewa katika mzaha wao, naye ana kaka anayempenda mno. Edgar Neville aliitengenezea filamu mwaka 1936.

Bardem alichukua mbegu akaitupa miti. Katika tamthilia, mdanganyifu naye ametegwa na wenzake, na mambo mengi yanaendeshwa kwa kicheko, ingawa ni kicheko kichungu. Bardem alimwondoa kaka, akampa mwanamume jukumu la kuchagua uongo kwa hiari yake, na akamfanya Isabel kuwa mtu kamili mwenye akili na ndoto. Mabadiliko hayo ya mwisho ndiyo makubwa kuliko yote. Kwa Arniches tunamhurumia mwanamke. Kwa Bardem tunaishi ndani ya kifua chake.

Ilipata zawadi?

Ilioneshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 1956 na kupata zawadi ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Uhispania pia iliipeleka Marekani kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, lakini haikuteuliwa. Utawala uliomtia ndani mwongozaji ukaituma kazi yake nje iwakilishe taifa. Sina la kuongeza hapo.

Bardem huyu ana uhusiano na Javier Bardem?

Ni mjomba wake. Mama yake Javier, mwigizaji Pilar Bardem, alikuwa dada wa Juan Antonio. Wazazi wao, Rafael Bardem na Matilde Muñoz Sampedro, nao walikuwa waigizaji, na ukitazama Calle Mayor utamwona huyo mama: ndiye yule mtumishi mzee wa nyumbani kwa Isabel.

Juan Antonio alizaliwa Madrid mwaka 1922, akasomea uhandisi wa kilimo kabla ya kuingia shule ya sinema, ambako alikutana na Luis García Berlanga. Wawili hao ndio walioibadilisha sinema ya nchi yao katika miaka ya 1950. Mei 1955, kwenye mkutano wa watu wa sinema mjini Salamanca, Bardem alisimama akaitangaza sinema ya Uhispania ya wakati ule kuwa haina nguvu kisiasa, ni ya uongo kijamii, duni kiakili, sufuri kisanaa na dhaifu kama tasnia. Mwaka uliofuata alikuwa anaipiga Calle Mayor. Alifariki mwaka 2002.

Naweza kuitazama na watoto?

Hakuna uchi wala damu. Matukio ya danguroni yameonyeshwa kwa staha. Lakini mtoto mdogo atachoka, na hataona kilichotokea ni nini. Kwa vijana waliokwisha anza mambo ya uchumba, nadhani inawafaa sana, wavulana zaidi kuliko wasichana.

Muziki ni wa nani?

Joseph Kosma, mtunzi wa wimbo wa Kifaransa Les feuilles mortes, na kwa toleo la Kihispania jina la Isidro B. Maiztegui pia linatajwa. Hautumiki sana. Kengele za kanisa na honi za treni zinafanya kazi kubwa zaidi, na ukizisikiliza utajua Isabel anafikiri nini kabla hajasema.

Nikimaliza hii, nitazame nini?

Anza na Muerte de un ciclista ya Bardem huyohuyo, ya 1955. Humo wapenzi wawili wa siri wanamgonga mwendesha baiskeli na kumwacha barabarani ili siri yao isijulikane. Kisha La tía Tula ya Miguel Picazo, ya mwaka 1964, iliyotoka kwenye riwaya ya Miguel de Unamuno: mwanamke mwingine wa mji mdogo ambaye hajaolewa, lakini huyu kutoolewa kwake ni uamuzi wake mwenyewe, na anaulipia kwa njia yake. Ukipenda wale wanaume wa kijiweni kuliko wachumba, tafuta I vitelloni ya Federico Fellini, ya 1953, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja na Calle Mayor. Fellini anawapenda vijana wake wavivu na kuwasamehe. Ukizitazama zote mbili kwa wiki moja utaona ni kwa nini Bardem hakuweza kufanya hivyo.